Choo chenye Umbo la Msonge

Kemilembe mwanangu,

Asubuhi uliniamkia huku unafunga kamba za viatu, ukakimbilia pikipiki kwenda Nyakasimbi kumuaga mama yako mdogo, nami nikaitikia marahaba nikiwa nimeshika ufagio. Kwa hiyo salamu tumemaliza. Mambo ya shuka, sabuni na chakula cha njiani sitayaandika hapa, una akili zako, na mtu aliyemaliza kidato cha sita hafundishwi kufua. Kesho alfajiri unapanda gari Nkwenda, unakwenda Dodoma kusomea mipango miji. Ninachotaka kukuambia ni jambo ambalo mimi na wewe tumelikwepa miezi yote hii, kila mmoja akipita pembeni yake kama mtu anayekwepa mavi ya ng'ombe njiani. Linanuka, na wote wawili tunalisikia.

Nimechukizwa. Najua si neno la kumwandikia mtoto anayesafiri. Mama mwingine angekuandikia baraka. Baraka ulishazipata kanisani, mchungaji alikuombea Jumapili na ukapigiwa vigelegele hadi ukaona haya. Mimi nina kichefuchefu, na ukiondoka bila kujua kimetoka wapi utadhani nilikununia kwa sababu unaniacha peke yangu. Kuachwa nitazoea.

Nianze na hii senta yetu, maana wewe umezaliwa ukaikuta na hujawahi kuiangalia vizuri. Ni ya zamani kuliko barabara ya lami na kuliko kanisa letu. Ule mstari wa maduka yenye milango ya mbao na baraza ndefu ulijengwa na wanunuzi wa kahawa, enzi ambazo baba wa babu yako alikuwa mtu wa karibu wa chifu. Nyuma ya maduka, mwisho wa uchochoro, ndani ya kibanja chetu cha migomba, ndipo uliposimama msonge: nyumba ya mviringo, nyasi kutoka kileleni hadi chini, mlango wa kuingia umeinama, nguzo ambazo hakuna aliye hai aliyeziona zikikatwa. Babu yako alizaliwa humo, na marehemu baba yako alizaliwa humo. Makaburi yao yako hapo pembeni kwenye migomba. Bibi yako aliletwa humo akiwa bibi harusi na akaishi humo hadi siku tulipomtoa. Nimeandika tulipomtoa. Hakutoka mwenyewe.

Sasa usije ukafikiri nawalilia watu wa kale. Mimi niliingia kwenye ule msonge nikiwa mke mgeni, nimetoka kwenye nyumba ya bati ya baba yangu, na mwaka wa kwanza nililia hadi nikachoka. Viroboto waliniuma. Funza waliniingia vidoleni. Ndama alilala karibu na kitanda changu akikojoa hadi kunakucha, na maji ya kunywa yalikuwa bondeni, kule utelezi ukianza unapanda kwa magoti. Kaka yako mkubwa, yule ambaye kaburi lake unalipalilia kila Krismasi, alifia mgongoni mwangu kwa sababu uchochoro ulikuwa tope na gari la zahanati lilishindwa kupita kati ya maduka. Mtu akisimama mbele yangu akaniambia barabara inaua utamaduni, namtazama kama mlevi. Barabara niliitaka, na bomba, na umeme, na mahali pa kusubiria gari bila kunyeshewa. Nilivitaka na bado navitaka, ndiyo maana sikukataza usome unachokwenda kusoma.

Ulipokuwa kidato cha pili ndipo walipokuja wale wa gari jeupe. Unawakumbuka, walikupa kalamu. Walizunguka msonge wakiugusa kama watu wanaonunua fahali, wakasema huu ni urithi, haujabaki mwingine wa namna hii hapa karibu, tuulinde. Neno urithi lilinipanda kichwani vibaya sana. Mimi ambaye nilikuwa naona haya kumkaribisha mwalimu wako nyumbani, ghafla nikawa mlinzi wa kitu. Nilikuwa katibu wa kamati ya mtaa, na bibi yako hakujua Kiswahili cha haraka kama chao, kwa hiyo maneno yote yalipita kwangu. Wakaweka kibao. Wakanipa kufuli na ufunguo, nikaufunga ufunguo kwa utepe wa kitenge nikauvaa shingoni hata kanisani, ili watu waulize.

Masharti yao yalikuwa mepesi kuyasikia. Asilale mtu ndani. Asifungwe ndama ndani. Na moto uzimwe, kwa sababu nyasi kavu na moto chini yake ni hatari kwa nyumba ya thamani namna ile, halafu masizi yamezifanya nguzo kuwa nyeusi, hazipendezi kwenye picha. Wakaniuliza kama moto unaweza kuzimwa. Kwa kiherehere changu nikasema unaweza, leo hii.

Nikachota maji ndoo nzima, nikayamwaga mafigani mbele ya kamera.

Wewe ulikuwa shule, kwa hiyo nikueleze. Katika nyumba ile moto ulikuwa hauzimwi. Usiku unafunikwa kwa majivu, asubuhi unafukuliwa na kupulizwa. Tangu niolewe ulizimwa kwa makusudi mara moja tu, siku babu yako alipokata roho, maana ndivyo nyumba ile ilivyotangaza kwamba mwenyewe hayupo tena. Ukawashwa upya matanga yalipoanuliwa. Mimi niliyaona hayo kwa macho yangu, tena siku ile ya babu yako ndiye niliyetumwa maji. Halafu nikaja kufanya vilevile mchana kweupe, natabasamu, kwa ajili ya wageni.

Bibi yako alikuwa ameketi pembeni anamenya ndizi. Aliposikia maji yanalia kwenye makaa aliweka kisu chini, akajifunika kitenge kichwani, akatoka akaketi chini kwenye migomba na miguu ameinyoosha, kama mfiwa. Wageni wakadhani anawapisha. Mmoja akampiga picha pale pale alipokaa, akasema sura yake ina historia. Jioni nilimfuata nikamwambia, "Mama, wageni wameshaondoka, inuka ule." Akaniuliza kwa upole kabisa, "Amekufa nani?"

Nilicheka, Kemilembe. Nilidhani ni utani wa wazee.

Tukamhamishia kwenye chumba cha bati nyuma ya hii nyumba yetu tuliyoijenga baadaye, kile kinachooka mchana na kuganda usiku, tukamwambia ni kwa muda. Na msonge ukaanza kufa. Usiniulize kwa nini hatukujua, kwa sababu tulijua. Hapa kila mtu anajua kwamba nyasi za paa zinataka moshi. Mahindi ya mbegu tunayaning'iniza juu ya jiko kwa sababu hiyo hiyo, moshi unakausha na kufukuza wadudu. Hata ungemwamsha mtoto usingizini ukamuuliza angekujibu. Lakini mimi nilikuwa na ufunguo shingoni, na mwenye ufunguo haulizwi.

Masika ya kwanza nyasi zikaota ukungu. Kwa ndani zikaanza kutoa uyoga mweupe, mwembamba, unaoteleza ukiugusa. Mchwa wakapanda nguzo kwa njia zao za udongo hadi kwenye fito. Popo wakahamia, mavi yao yakawa yanaganda sakafuni mahali mafiga yalipokuwa, na maji meusi yakachuruzika ukutani yakanuka kama pumba zilizoloa zikasahauliwa kwenye gunia. Nikifungua mlango nilikuwa naziba pua kwa kitenge, halafu nafunga haraka wasione majirani. Kibao cha urithi kikasimama nje kinang'aa. Wale wa gari jeupe walirudi mara moja tu, mmoja wao mwenye kofia akachungulia, akatoa leso, akasema tusubiri fungu la ukarabati, tusiguse kitu. Tukasubiri. Mvua zikaja nyingine, upande wa nyuma ukaanguka wenyewe.

Na kila asubuhi, baada ya kuamkiana, bibi yako ananiuliza, "Nitarudi lini kwangu?" Nami kila asubuhi namjibu, "Karibuni, mama." Hilo ndilo linaloniamsha na uchungu mdomoni, si nyasi. Nyasi zinaota.

Ndipo wakaja hawa wengine, wa mamlaka ya mji wetu mdogo mpya. Huwezi kuwachukia kwa sura, ni vijana wastaarabu. Afisa wao aliniamkia vizuri, akatandaza mchoro juu ya boneti ya gari, akanionyesha stendi. Nikuambie kweli, niliipenda. Ina paa, ina taa, ina mifereji ya maji. Halafu akanionyesha kwamba ili iingie, baraza zote za maduka ya zamani zinavunjwa, maana zinakula barabara, na nyuma yake zinajengwa fremu za vioo. Nikamuuliza mafundi cherehani watashonea wapi. Akasema watapanga fremu. Nikamuuliza na wale wanawake wa Nyakatuntu wanaokuja na maharage, wanaokaa barazani mvua ikinyesha bila kulipa mtu? Akasema watazoea. Alilitamka neno hilo kwa huruma kabisa, nikaona sina pa kumshikia.

Nikauliza, na utamaduni? Maana siku hizi neno hilo nalijua na mimi. Akafurahi kama mtu aliyekuwa analisubiri swali. Akaweka kidole kwenye kona ya mchoro palipokuwa na duara. "Tumeuzingatia, mama. Choo cha abiria tutakijenga kwa umbo la msonge. Tofali na saruji, juu bati la rangi ya nyasi. Kitakuwa kivutio."

Nilitazama lile duara muda mrefu. Limekaa juu ya jiko la bibi yako.

Nilimwambia anisubiri, nikaenda nyuma ya migomba nikatema mate. Sijui kama alijua anachosema. Nadhani hakujua, na hilo ndilo lililonitia kinyaa zaidi. Abiria washuke kutoka kwenye basi, walipe mlangoni, wajisaidie pale babu yako alipozaliwa, wanawe, watoke wakisema watu wa huku wanajali mila. Nimeona mengi ya kuchukiza, nimewahi kutoa panya kisimani kwa mkono wangu, lakini sijawahi kujisikia mchafu vile nikiwa sijagusa kitu.

Na usidhani ndugu wa baba yako wananitia moyo. Wale wa Dar wanaokuja Krismasi, wanaoweka picha za msonge kwenye kundi la ukoo, walipigiwa simu wote. Mmoja aliniambia nisikubali kamwe, nisimame imara, damu ya ukoo iko mle. Nikamwambia, shemeji, nyasi zimeoza, nitumie hata kidogo nilipe wa kukata na kufunga mafungu. Akasema mambo ya fedha tuyazungumze baadaye, mtandao unasumbua. Yeye mwenyewe nyumba yake ya hapa kijijini ina vigae hadi kwenye ngazi. Anataka mimi nikae kwenye moshi ili yeye awe na mahali pa kupigia picha akiwa na shati la kitenge. Heri afisa wa mji, yeye angalau haniiti shujaa.

Kwenye mkutano wa hadhara nilisimama nikasema langu. Nilisema stendi tunaihitaji, ijengwe kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe, ni tambarare, hauna mtu, gari linageuka bila kuvunja kitu. Maduka ya zamani yabaki na baraza zake, yatiwe umeme na mifereji, wenye cherehani wabaki walipo. Msonge tuuezeke upya, mwenyewe arudi ndani, nje tuchimbe choo kizuri na tuweke tangi la maji, na mgeni akitaka kuuona abishe hodi kama anavyobisha kwa watu. Sikuwa na hotuba, nilisema hivyo hivyo tu. Watu wa nyuma wakaguna kwa kukubali. Mwenyekiti akajikuna shavu, akasema uwanja wa mnada umeshapata wenyewe. Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Tuliangalia viatu vyetu, na viatu vya wajumbe wawili vilikuwa vipya.

Halafu ukasimama wewe.

Sijui kama unakumbuka ulichosema neno kwa neno. Mimi nakumbuka. Ulisema, "Mimi nampenda mama yangu, lakini tusidanganyane, urithi hauliwi." Mkutano mzima ukakupigia makofi, na afisa akakuuliza jina. Nikafurahi na kuumia kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu ulisimama mbele ya wanaume bila kutetemeka. Niliumia kwa sababu ulikuwa unafanya kile kile nilichokifanya mimi na ile ndoo. Ulikuwa unawaonyesha wageni kwamba sisi si washamba.

Wakakupa kibarua cha kushika kamba ya kupimia wakati unasubiri chuo. Sikukukataza, ulihitaji viatu. Siku ile mnapita kuweka alama mimi nilikuwa naanika kahawa. Nilikuona unakuja na kopo la rangi nyekundu, unacheka na wenzako, mkafika kwenye msonge, na kwa kuwa yule kijana wa brashi alikuwa anaongea na simu, ukaichukua wewe. Ukapiga X kwenye mlango wa bibi yako. Ukasogea nyuma ukaitazama kama imenyooka.

Hukuniona. Ila bibi yako alikuona, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha chumba chake. Unajua kwamba hakusoma. Mlipoondoka alijikongoja na fimbo hadi pale mlangoni, akasimama mbele ya ile rangi, akaniita. Uso wake ulikuwa umechangamka. Akaniuliza, "Mjukuu wangu ameniandikia nini?"

Nikamwambia, "Ameandika kwamba hapa ni kwako."

Ndiyo, nilimdanganya. Akafurahi, akawa anawaonyesha wanaopita. Mwanamke wa Nyakatuntu aliyeleta maharage akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Mjukuu anakupenda, bibi," akaenda zake haraka. Tangu siku hiyo mimi na wewe hatujazungumza vizuri. Ulikuwa unadhani nimekukasirikia kwa ajili ya mkutano.

Sikuandiki haya ili ulie njiani. Wewe ulishika brashi mara moja, mimi nilishika ufunguo miaka. Ninachotaka ukibebe ni hiki tu: wale wa kibao walimtoa bibi yako ili nyumba ibaki, na hawa wa stendi wanaitoa nyumba ili watu wapite, na mimi nilipokaa na kukumbuka mipango yao yote miwili sikuona mahali walipomweka yeye. Kwa hao wa kwanza alikuwa sura ya kupigwa picha. Kwa hao wa pili hakuwa hata doa. Na katikati yao nilikuwepo mimi, ninayemjua hadi namna anavyokohoa, na nikawatafsiria.

Huko Dodoma watakufundisha mambo makubwa kuhusu miji mikongwe, na sitaki kukuwekea maneno mdomoni kabla hujayasikia. Pengine watakuwa na akili kuliko hawa wote. Lakini siku watakayokupeleka mahali na kamba yako, kabla hujaifungua, uliza moto wa pale unawashwa wapi na nani anauwasha. Swali hilo si la kishamba. Mimi sikuuliza, na niliwahi kulala mle mle ndani.

Sasa nikuambie la leo, ili ukirudi usishtuke.

Jana mjumbe alipita kuniambia mashine imeshafika Nkwenda, kesho asubuhi inaanza na msonge kwa sababu hauna mlio mkubwa wa kuvunja. Ndivyo alivyosema. Nilimshukuru kwa taarifa. Leo ulipoondoka tu nilimwita Zakaria, huyu anayetusaidia kibanjani. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi na nyumba za nyasi amezijenga tangu utotoni. Nilimwambia nataka kuingia ndani na mama. Akanitazama, akasema, "Mama Kemi, hii nyumba imekufa upande mmoja." Nikamwambia, na mama naye amekufa upande mmoja, mguu wa kushoto haufanyi kazi, mbona hatujamzika. Akacheka, akachukua panga akaenda kukata nyasi.

Tumefagia mavi ya popo hadi mikono ikanuka. Tumetoa uyoga, tumekwangua mchwa, tumechoma vile vilivyooza. Zakaria ameziba upande wa nyuma kwa miti na nyasi mpya, si kazi ya kudumu, ni ya kuzuia upepo. Upande wa mlango bado ni mzima. Mafiga niliyaokota kwenye zizi la mbuzi, mtu aliyafanya ya kukalia. Halafu nikamfuata bibi yako kwenye chumba cha bati. Aliponiuliza nitarudi lini kwangu, nikamwambia, "Leo, mama." Alinyoosha mkono nimwinue.

Moto nilimwachia auwashe yeye. Ulimchukua muda, na Zakaria alitaka kumsaidia nikamzuia. Uliposhika, moshi ulipanda taratibu ukajaza juu, ukaanza kupenya kwenye nyasi, na tulipotoka nje tuliuona msonge mzima unafuka kama zamani. Watu wa maduka walisimama barazani. Hakuna aliyepiga makofi wala kuuliza. Fundi cherehani mmoja alileta kigoda chake akakiweka mlangoni, akarudi kazini.

Sijui kesho itakuwaje. Sina wakili, na ukoo unasumbuliwa na mtandao. Labda afisa atakuja na mgambo watutoe kwa adabu, na kufikia mchana patakuwa tambarare. Labda ataona ni aibu kuiambia mashine ipite juu ya bibi kizee anayepika, na atarudi na mchoro mwingine, na hapo nitamtajia uwanja wa mnada tena mbele ya watu. Vyovyote itakavyokuwa, wamkute yupo. Wakichora mara nyingine wawe wamemwona.

Wewe usibaki. Nasema hivi kwa ukali wote nilio nao. Gari lisikuache kwa ajili yetu. Nenda kasome, tena uwe mkali darasani, kwa sababu nimechoka kuelezwa mambo na watu wasionyea hapa.

Barua hii Zakaria ataiweka juu ya begi lako. Ukirudi jioni utakuta nyumba yetu imefungwa na chakula kiko kwenye hotpoti. Ukitaka kula na kulala hapo ili uwahi alfajiri, lala, nami sitakuwa na neno moyoni. Lakini kama una nguvu ya kutembea hadi mwisho wa uchochoro, tuko huku. Utaona moshi. Mlango haujafungwa, kufuli nimelitupa chooni, choo cha kawaida. Inama unapoingia, na ukipita usiitazame ile rangi. Bibi yako hajui, na mimi sitamwambia. Kama kuna wa kumwambia ilikuwa inasema nini, ni wewe.

Ametandika nyasi mbichi sakafuni kama anavyotandikiwa mgeni. Nimemuuliza mgeni gani. Amesema msafiri halali peke yake, akaacha upande wa ukutani nafasi ya mtu mmoja.

Mimi mama yako,
niliye ndani.